Sauti Nzuri na Jaha ya Barobaro

Twalianza somo letu kwa swali. Usiku wa Jumatano moja, darasa ilipokwisha na watu kuanza kukunja mikeka, mzee mmoja wa mtaa wetu alinivuta kando akaniambia: "Maalim, mwanangu siku hizi ashinda barazani na wenziwe, gita mkononi. Nywele amezinyoa pande zote mbili akaziacha juu kama shungi la ndege, na suruali aivaa namna ambayo mimi babake naona haya kuitazama. Sasa nataka uniambie: nimkanye lipi, gita au shungi?"

Nilicheka kidogo, na yeye akacheka, lakini jibu sikuwa nalo. Kwani mzee yule, pasi na kukusudia, alikuwa ametia kidole penye mshono, pale ambapo nguo mbili zimeungwa hata watu wakadhani ni nguo moja. Gita ni ujuzi, na shungi ni alama. Wakubwa kwa wadogo tumezoea kuviona viwili hivi pamoja, tukavihesabu kuwa kimoja: wazee huvichukia pamoja na vijana huvipenda pamoja. Somo letu la leo ni juu ya mshono huo. Kwa nini mwenye kipawa cha sauti au cha ala huonekana na wenziwe kuwa ndiye mtu, ndiye wa kuigwa mavazi na mwendo? Na je, hadhi hiyo yatokana na kipawa chenyewe, au na kitu kingine? Ama hukumu ya ala za nyuzi, wanavyuoni wameieleza, na kauli ya madhehebu yetu yajulikana. Mwenye kuitaka kwa urefu na aje darasani tumsomee. Leo si maudhui yetu.

Kwanza tulitafutie jambo hili jina. Wazee wetu walikuwa na neno utanashati na neno umaridadi, na kijana mwenye sifa hizo aliitwa barobaro mtanashati. Lakini hayo ni maneno ya nguo safi na mwili uliotengenezwa. Vijana wa leo walitakalo ni zaidi ya hayo: wamtaka yule ambaye hata akivaa kikoi kilichochanika, kuchanika kule huwa ndiyo desturi ya mji kufikia Ijumaa. Mtu huyo wao husema kuwa ni "poa". Neno hili lanishangaza, kwani kwa lugha tuliyolelewa nayo kilichopoa ni kile kilichokuwa na moto ukakitoka, kama chai ya mgeni aliyechelewa. Lakini huenda wameipata maana bila ya kujua. Mtu wanayemsifu ni yule asiyeonekana kutoka jasho. Afanya jambo gumu kana kwamba si gumu. Wala sijui kitu kinachoficha jasho kuliko muziki uliopigwa vizuri.

Imamu Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na neno lililo bora kuliko yote hayo, nalo ni jaha. Na kwa bahati njema sisi watu wa pwani tunalo neno hilo hilo katika Kiswahili chetu, tukisema fulani ana jaha, na wazee wakitaja kilango cha jaha. Katika Ihya, kwenye robo ya mambo yenye kuangamiza, Imamu ametenga kitabu kizima cha kulaumu jaha na riya. Namnukulia kwa maana, si kwa tamko lake. Asema kuwa mali ni kumiliki vitu, na jaha ni kumiliki nyoyo. Na moyo haumilikiwi kwa nguvu, bali kwa itikadi: mtu akiamini kuwa fulani ana sifa ya ukamilifu, moyo wake humwinamia kwa kadiri ya itikadi ile. Kisha aongeza jambo ambalo mzee wetu mwenye swali yampasa alishike sana, nalo ni kuwa si sharti sifa ile iwe ni ukamilifu wa kweli. Yatosha iwe ni ukamilifu machoni mwa yule anayeitazama.

Tulipime jambo hili barazani. Kijana aliye hodari wa hisabati ujuzi wake wajulikana kwa mwalimu wake na kwa karatasi ya mtihani. Seremala stadi kabati lake limo chumbani mwa watu, halionwi ila na mwenye nyumba. Lakini aliyejaaliwa sauti huimiliki baraza nzima kwa pumzi moja. Jicho lina kope, sikio halina. Atakaye na asiyetaka husikia, na mguu wa msikizaji huanza kupiga hesabu kabla moyo haujatoa ruhusa. Basi mtu anapoona kuwa mwili wake mwenyewe umemtii mwingine, hana budi kuamini kuwa yule mwingine ana kitu. Na kwa kuwa hakijui kitu chenyewe, wala hana elimu ya kukipima, hushika anachokiona: kofia, mkono, namna ya kuegemea ukuta.

Imamu ataja pia kwa nini watu huipenda jaha kuliko mali. Mwenye jaha huipata mali kwa wepesi, na mwenye mali si lazima aipate jaha. Mali huibiwa, na nyoyo mwizi hazifikii. Na mali haizidi ila kwa taabu, ilhali jaha hukua yenyewe, watu wakiambiana. Aliyeandika hayo hakuyaokota njiani. Alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, darasa yake imejaa, jina lake katika kila mji. Kisha, kama alivyoeleza mwenyewe, akaipima nia yake ya kufundisha akaona kilichomsukuma ni kutaka jaha na sifa. Ulimi ukamfunga hata asiweze kusomesha, na mwaka 488 wa Hijiria, yaani 1095, akaiacha kazi ile akatoka mjini. Nadhani ndiyo maana maneno yake juu ya jaha yana uchungu wa mtu aliyeionja. Laiti angeliona zama hizi, ambapo kijana hurikodiwa kwa simu na chini ya picha yake pakaandikwa idadi ya waliomtazama! Nyoyo zimetiwa hesabu kama magunia bandarini, na mwenye nazo huamka usiku kutazama kama zimepungua.

Mfano ulio wazi kuliko wote niujuao katika tarehe ya Waislamu ni wa Abul-Hasan Ali bin Nafi, ambaye watu walimlakabu Ziryab kwa jina la ndege mweusi mwenye sauti tamu, kwa kuwa rangi yake ilikuwa nyeusi na ulimi wake fasaha. Alikuwa maula wa Khalifa al-Mahdi, akajifunza kuimba na kupiga udi mjini Baghdad kwa Ishaq al-Mausili. Al-Maqqari, aliyeandika tarehe ya Andalus katika karne ya 17, asimulia kuwa Ziryab alipoimba mbele ya Harun al-Rashid mwalimu wake aliingiwa na wivu, akamtaka ahame mji. Akaenda Qairawan, kisha akaitwa Andalus na Amiri al-Hakam. Alipofika pwani ya Hispania mwaka 822 Amiri alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe, Abdul-Rahman wa pili, ndiye aliyempokea Kurtuba na kumkatia mshahara wa dinari 200 kila mwezi.

Sasa tazama, ndugu msomaji, mji ule ulimfanya nini mwimbaji huyu. Watu wa Kurtuba walikuwa wakifuga nywele ndefu na kuzipasua njia katikati. Walipomwona Ziryab na wanawe wamezikata zikaishia juu ya nyusi, shingo na masikio yakaonekana, wakakata. Walikuwa wakinywea vikombe vya dhahabu na fedha. Akasema bilauri ni bora, wakanywea bilauri. Walikuwa wakitandika vitambaa mezani. Akawaonesha ngozi laini, wakatandika ngozi. Aliwapangia vyakula kipi kitangulie na kipi kifuate, akawaonjesha mboga waliyokuwa wakiipita kondeni bila ya kuijali, akawafundisha dawa ya kuondoa harufu ya kwapa, akawapangia nguo kwa misimu: nyeupe za kiangazi tangu mwishoni mwa Juni, na nzito za baridi kwa wakati wake. Basi mzee wangu, shungi la mwanao lina babu yake Kurtuba.

Je, kuna ujamaa gani baina ya kupiga udi na kuchagua bilauri? Hapana hata kidogo. Ajuaye kukaza uzi hawi kwa hilo mjuzi wa upishi. Lakini nyoyo zilikuwa zimekwisha kumilikiwa kwa masikio, na aliyemilikishwa moyo hukabidhiwa na funguo za jikoni na za sanduku la nguo. Na hapa pana jambo la insafu lisemwe: mengi katika aliyowaonesha yalikuwa mazuri. Kukata nywele si dhambi, na kuondoa harufu ya kwapa ni sunna. Ubaya si kwamba waliiga. Ni kwamba hawakupima. Lau angeliwaambia wale udongo, naogopa wangeliuliza watumie kijiko gani.

Lakini kuna Ziryab mwingine, naye hasimuliwi sana barazani. Huyo ndiye aliyeongeza uzi wa tano kwenye udi uliokuwa na nyuzi nne, akautia rangi nyekundu na kuuweka katikati. Akaacha kupigia kijiti cha mbao akachukua unyoya wa tai. Na mwanafunzi alipomjia kutaka kuimba, hakumuuliza amevaa nini. Alimkalisha juu ya mto wa duara akamwamrisha apaaze sauti kwa nguvu zake zote. Ikiwa sauti yake ni dhaifu, alimtaka ajifunge kilemba kiunoni, apate nguvu ya tumbo. Ikiwa mtu ni wa kubana meno, asiyeweza kukifungua kinywa vizuri, alimtia kinywani kipande cha mti chenye upana wa vidole vitatu, alale nacho usiku baada ya usiku mpaka taya zifunguke. Baadaye alimpima tena, na asiyefaa alimwambia hafai. Huyo aliyelala na kijiti kinywani, ndugu yangu, si poa. Amelowa jasho na mate. Na bila ya jasho lile hapangelikuwa na sauti. Na bila ya sauti, nani angeliuliza Ziryab anywea nini?

Tena, ili uone ukweli wa Imamu kuwa jaha hukua yenyewe: watafiti wa zama zetu wameyalinganisha maandishi ya al-Maqqari na yale ya Ibn Hayyan wa Kurtuba, aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 500. Wameona kuwa habari za kale zilikuwa zimechanganyika, za kumsifu na za kumpunguza. Lakini kadiri zilivyopokewa mkono hadi mkono zilichujwa, yakabaki ya kupendeza. Hata leo kila jambo jema la mezani lisilo na mwenyewe husingiziwa Ziryab. Mtu amekufa tangu mwaka 857, na jaha yake yaendelea kuzaa.

Hapa kwetu pwani hatuhitaji kwenda mbali. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, wazazi wake wa asili ya utumwa, na katika ujana wake aliuza vyungu. Jina alilopewa kwao ni Mtumwa. Uzuri wa sura ambao mji uliuhesabu hakuwa nao, wala nasaba ambayo mji uliiheshimu. Alikuwa na koo lake tu, na subira ya kujifunza kwa wenye kujua baada ya kuingia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kutiwa sauti yake katika santuri, na alipofariki mwaka 1950 hapakuwa na aliyemwita Mtumwa. Alikuwa Siti, yaani bibi, na Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Simtaji ili kuhukumu nyimbo zake. Namtaja kwa kuwa kwake yeye mshono waonekana wazi: alama zote za jaha alizikosa, kipawa akawa nacho, na jaha ikamfuata kwa miguu yake yenyewe.

Mambo huharibika yanapogeuzwa. Mtu asiye na kipawa, au aliye nacho lakini hataki taabu yake, aiona jaha ya mwenye nacho, akaitamani, akazichukua alama. Nalijua hili kwa kuwa nimelifanya. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, nyumbani kwetu palikuwa na kanda za Sheikh Abdul-Basit Abdus-Samad wa Misri, aliyefariki mwaka 1988, na vijana wote wa chuo chetu tulitaka kusoma kama yeye. Pumzi yake ndefu hatukuiweza, wala hukumu za tajwidi hatukuwa tumezikamilisha. Tulichoweza ni mkono. Tuliweka kiganja sikioni, tukafumba macho, tukaegemeza kichwa upande, kisha tukasoma kwa sauti ya mbuzi aliyekosa mama. Mwalimu wetu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole: "Hilo sikio lakuuma?" Basi jambo hili si la wapiga gita peke yao. Laweza kuingia msikitini likapanda juu ya mimbari, na hadithi ya Muslim juu ya msomaji aliyesoma ili aitwe msomaji, akatangulizwa Motoni, wanavyuoni hawakuisoma bila ya kulia.

Imamu Ghazali analo jambo la karibu na hili katika kitabu chake cha adabu za kusikiliza. Asema sauti nzuri haiwi haramu kwa sababu ya uzuri wake, kwani ingelikuwa hivyo ingelipasa kuharimisha sauti za ndege. Ala alizozikataza alizikataza kwa kuwa katika zama zake zilikuwa ni alama ya watu wa ulevi. Kisha akapiga mfano wa watu waliokaa kikao kama cha walevi, wakapangiwa vikombe kama walevi na mnyweshaji akawazungukia, ilhali kilichomo vikombeni ni siki na asali. Kinywaji ni halali. Kilichowaharibia ni kule kujifananisha. Kila nikipita baraza yenye vijana sita na gita moja, na anayejua kulipiga ni mmoja, naukumbuka mfano huo. Watano wale wanakunywa siki na asali.

Na huyo mmoja? Hapa ndipo penye uzito wa somo, na hapa yanilazimu nitaje kwanza kisa cha Sahaba Abu Mahdhura, Mwenyezi Mungu amridhie, kilichopokewa na Nasai, Ibn Maja na wengineo. Mwaka wa 8 wa Hijiria, Mtume (s.a.w.) alipokuwa njiani kurudi kutoka Hunain, muadhini aliadhini. Abu Mahdhura alikuwa kijana wa Kikureshi ambaye hajasilimu, yuko na vijana wenziwe kando ya njia. Waliposikia adhana wakaanza kuiigiza kwa makelele, wakimcheza shere muadhini. Wote twaijua hali hiyo: kundi la vijana, mmoja ana sauti, na sauti ile yatumiwa kuwachekesha wengine. Mtume akaisikia. Akatuma waletwe, akauliza ni nani kati yao ambaye sauti yake ilipaa. Wote wakamnyoshea kidole mmoja, nao wakasema kweli.

Mtume akawaachilia wote akamzuia yeye, akamwamrisha asimame aadhini. Mwenyewe asimulia kuwa wakati ule hapakuwa na kitu alichokichukia kuliko Mtume na lile aliloamrishwa. Mtume akamfundisha adhana neno kwa neno. Alipomaliza akampa kifuko chenye fedha, akaweka mkono wake juu ya utosi wa mbele, akaupitisha usoni na kifuani, akamwombea baraka. Kijana akaomba mwenyewe awe muadhini wa Makka, akapewa. Na yote aliyoyachukia yakageuka mahaba. Adhana ya Makka ikabaki kwake na kwa kizazi chake baada yake. Na imepokewa katika Abu Daud kuwa nywele zake za mbele hakuzikata wala kuzipasua njia, kwa kuwa mkono wa Mtume ulizigusa.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na mara nyingi nimekisomesha kwa ajili ya maneno ya adhana na tarji yake, kwani ndipo mahali pake katika vitabu vya fiqihi. Mpaka mzee yule aliponiuliza swali lake sikuwa nimetazama kilichokosekana ndani yake. Kijana ameicheza shere adhana, mbele ya watu, na katika riwaya hiyo sioni neno moja la kumkemea. Mtume aliisikia sauti ndani ya mzaha, akaitoa humo kama mtu atoaye lulu katika chaza, akaiacha harufu ya chaza ijiondokee yenyewe.

Sasa niseme langu, na babake kijana amenipa idhini. Mwanawe ndiye aliyekuwa akituadhinia Alfajiri kwa miaka miwili, na katika kasida za chuo yeye ndiye aliyekuwa akitangulia na wenziwe wakiitikia. Mwaka jana alianza kuchelewa. Usiku mmoja aliingia darasani tumekwisha kuanza, shungi kichwani, suruali kama ilivyoelezwa. Mimi nilikuwa nasoma. Ningeweza kuendelea. Badala yake nilifunga kitabu, nikanyanyua mkono kama mtu ashikaye gita, nikasema: "Mpisheni msanii, asije akakosa pa kuweka nyuzi zake." Darasa yote ilicheka. Hata wazee walicheka. Yeye alikaa karibu na viatu, akasubiri mpaka watu waliponyanyuka kwa sala, akatoka. Hajaja tena.

Nimejiuliza nilitaka nini usiku ule, na jibu si zuri. Kama nilitaka kumrudi, adabu ya kumrudi mtu naijua, ni ya faragha. Nilitaka kile kicheko. Kwa muda wa pumzi mbili niliimiliki baraza nzima, nikauona utamu wake. Vijana wa kando ya njia ya Hunain walikuwa na udhuru wa kutosilimu, na mmoja wao walau alikuwa na sauti.

Basi mzee wangu, jibu la swali lako ni hili, nalo nimekwisha kukwambia kwa mdomo. Ama shungi, hadithi ya kukataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu yajulikana, nami nitamsomea siku atakayotaka kusikia. Lakini usianze nalo, kwani shungi si lake. Ni la baraza, na baraza ikichoka nalo litanyolewa pasi na amri yako wala yangu. Ama gita, nilikuuliza jambo moja kwanza: akiwa peke yake, pasipo mtu wa kumtazama, hulishika? Ukaniambia kuwa hulipiga usiku wa manane, mlango umefungwa, tena polepole, mamake asiamke; na hurudia pale pale palipomshinda mara ishirini na thelathini. Mwenye kutafuta jaha hatafuti gizani. Huyo ni wa kijiti kinywani. Mwenyezi Mungu amempa kitu, nacho chatafuta kazi, na kazi tuliyokuwa tumempa sisi tulimnyang'anya kwa kicheko. Ukilivunja gita usiku huu, kesho atakuwa na alama bila ya kipawa, kama wale watano, na wewe utakuwa umemsaidia.

Baada ya hayo nilikwenda mwenyewe barazani, Jumamosi baada ya Alasiri. Kwa kuwa kosa lilikuwa mbele ya watu, niliona na udhuru uwe mbele ya watu. Vijana waliponiona walinyamaza, mmoja akalificha gita nyuma ya mgongo, kana kwamba mimi ni askari. Nikatoa salamu, nikakaa, nikamwambia mbele ya wenziwe kuwa nililosema usiku ule halikuwa haki na kuwa namwomba radhi. Akainamisha kichwa. "Yameisha, maalim," akasema. Nikamwambia kuwa tangu alipoondoka Alfajiri tunaadhiniwa na mzee ambaye pumzi yake haifiki mwisho, na watu wa mtaa wa pili hawasikii. Hakujibu. Alinimiminia kahawa, na nilipoimaliza akanimiminia kikombe cha pili. Kisha akalichukua gita kwa mwenziwe akaanza kukaza uzi mmoja, akiusikiliza, akaulegeza, akaukaza tena, mpaka nilipoaga. Darasani hajarudi bado.